Viua Vimekwisha, Kofia Bado



Ndugu msomaji, juma hili tunaomba ruhusa tuanze kwa kukiri kosa. Katika kumbukumbu za kikao cha kamati ya msikiti wetu hapa Mbinga, kilichokaa siku chache baada ya Idd el-Adha, tuliandika kwa mkono wetu kwamba kazi ya kofia haikukamilika kwa sababu ya uzembe wa akina mama. Maneno hayo yalisomwa mbele ya wajumbe, yakaungwa mkono, yakatiwa saini. Hayakuwa ya kweli, na aliyeyaandika hakuwa ameyachunguza.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Miezi mitano kabla ya Idd, akina mama kumi na mmoja wa msikiti wetu walijitolea kushona kofia za mkono, zile za viua, ili ziuzwe na fedha zake zisaidie posho ya mwalimu wa madrasa. Kazi hii ni ya heshima katika umma wetu. Kuanzia Lamu hadi Zanzibar na visiwa vya Komoro, kofia ya mkono imekuwa vazi la swala, la harusi na la Idd, na mikono inayoishona kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Kwetu huku milimani ujuzi huo ni wa wachache. Uliletwa na bibi mmoja aliyeolewa kutoka pwani miaka mingi iliyopita, naye ndiye aliyewafundisha wenzake.

Kamati ilifurahi kupita kiasi. Tukatangaza kofia thelathini. Tukapokea malipo ya awali kutoka kwa waumini wa Mbinga, wa Songea, na wengine wa Mbamba Bay kule ziwani. Idd ilipofika tulikuwa na kofia saba. Watu ishirini na watatu waliswali Idd na kofia zao za zamani, na fedha zao zilikuwa kwetu.

Siku mbili baada ya kikao, yule bibi alituita nyumbani kwake. Hakuwa na hasira. Alitukaribisha kwenye mkeka, akaleta chai, kisha akasukuma mbele yetu kapu la ukili lililofunikwa kwa kanga. "Katibu, mwanangu," alisema, "nimesikia mliyoyaandika. Hesabu kwanza, halafu utaniambia uzembe uko wapi."

Tukahesabu. Ndani ya kapu mlikuwa na kofia ishirini na tatu, ile ile idadi tuliyodaiwa. Mbili tu ndizo zilizopungukiwa viua. Tatu zilikuwa na mistari iliyokwenda upande, zikingoja kufumuliwa na kurudiwa. Sita zilikuwa zimekwisha kazi yote ya sindano, duara la juu peke yake na ukanda wa kuzunguka kichwa peke yake, lakini hazijaunganishwa. Tano zilikuwa zimeunganishwa, ila hazina pindo na nyuzi zinaning'inia kwa ndani. Saba zilikuwa kofia kamili kwa kila hali, isipokuwa bado zina alama za penseli na jasho la mikono, zikisubiri kufuliwa, kutiwa kanji na kukaushwa juu ya faroma, yaani kile kibao cha duara kinachoipa kofia umbo lake.

Tuliduwaa. Tulidhani tutakuta kazi isiyoanzwa. Tulikuta kazi iliyokaribia mno kwisha, na imesimama.

Hapo ndipo bibi alipotueleza mambo ambayo sisi wanaume, tunaovaa kofia hizi kila Ijumaa, hatukuwahi kuyauliza. Mtu akitazama kofia huona viua: vile vitobo vidogo vilivyopangwa kwa mistari, maua na nyota, kila kimoja kimetobolewa na kuzungushiwa uzi pande zote. Kazi ya kutia viua ndiyo inayosifiwa, nayo ndiyo inayopendwa na mshonaji mwenyewe. Mkono ukishaizoea, moyo hutulia. Mama huweza kuishika huku akimsikiliza mwanawe akisoma juzuu, au akizungumza na jirani. Kofia moja huchukua majuma, na ile yenye kazi nzito huchukua miezi, lakini muda huo haumchoshi kama tunavyodhani.

Kinachomchosha ni kazi zinazotangulia na zinazofuata. Bafta hulowekwa kwanza ili ijirudi kabla haijakatwa, kwa maana ikijirudi baada ya kushonwa kofia haimwingii mwenyewe. Kisha hukaushwa, hupigwa pasi, na kwa wengi wetu ni pasi ya mkaa, ambayo ukiisahau kidogo huacha doa la masizi kwenye kitambaa cheupe. Hufuata kupima, kukata tabaka mbili, kuzipiga bandi ili zisitelezeane, na kuchora mistari kwa penseli. Mstari ukikosewa kwa upana wa uzi mmoja, ua la mwisho halitakutana na ua la kwanza. Zaidi ya hayo kuna kutunga uzi sindanoni, tena na tena. Kwa kijana hilo si jambo. Kwa mama wa miaka sitini, chini ya taa hafifu, kutunga uzi mmoja kunaweza kumchukua muda ambao angeshona viua kadhaa.

Na mwisho wa kazi ndio mgumu zaidi. Kufumua kilichokosewa ni kazi isiyoonekana, kwani ukimaliza una kidogo kuliko ulivyoanza. Kuunganisha duara na ukanda kunataka mtu akae bila kuitwa, maana akiinuka katikati, duara huvutika upande mmoja. Pindo halina sifa yoyote. Kufua kofia si kama kufua shati: haisuguliwi wala haikamuliwi, hubonyezwa kidogo kidogo hadi penseli itoke. Kanji ikiwa nzito hukatika inapokauka, ikiwa nyepesi kofia hulegea. Na faroma ilikuwa moja tu kwa wanawake kumi na mmoja.

"Mkono wangu ukishika kiua unafurahi," bibi alisema. "Ukishika pindo, nakumbuka kwamba sijachota maji."

Ndugu msomaji, tafakari kauli hiyo. Kazi inayopendeza hujitetea yenyewe ndani ya siku ya mwanamke. Kazi inayochosha haina wa kuitetea, na ndiyo ya kwanza kusogezwa. Nayo miezi ile husogeza mambo kweli kweli. Miaka hii Idd el-Adha inaangukia mwanzoni mwa mavuno ya kahawa, na anayeishi kwenye milima hii ya Umatengo anajua maana yake. Kahawa huchumwa tunda moja moja lililoiva, humenywa kwa mashine ya mkono, huachwa ichachuke, huoshwa, huanikwa juu ya vichanja, hugeuzwa, hufunikwa jioni, huchambuliwa. Kila hatua hiyo ina mkono wa mwanamke. Jua la mchana, ambalo kofia yenye kanji inalihitaji, ndilo hilo hilo linalohitajiwa na kahawa. Baridi ya Juni hukausha nguo polepole, na vidole vilivyokuwa ndani ya maji ya kuoshea kahawa havishiki sindano vizuri usiku. Basi kofia ikarudi kapuni, ikafunikwa kanga, ikangoja siku yenye nafasi. Na kofia iliyokaa kapuni miezi miwili si rahisi kuirudia. Mwenyewe husahau alikuwa amefikia wapi, uzi aliobakiza umepotea, na kila akiliona kapu huona deni. Kwa hiyo anaanza kofia nyingine mpya, ambayo haimdai kitu bado.

Tuliondoka pale na kofia saba zilizongoja kufuliwa, bado hatujui la kufanya. Kesho yake tulipanda gari kuteremka Mbamba Bay, kwa kuwa baadhi ya waliotulipa walikuwa huko na tulitaka tuwarudishie fedha zao uso kwa uso. Barabara ya lami inayotoka Mbinga hutelemka kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto la ziwa kwa mwendo ambao zamani ulikuwa wa kuchosha, na njia nzima tulikuwa tukipanga maneno ya kuomba radhi.

Mmoja wa wadai wetu ni mvuvi, mzee wa makamo. Tulimkuta ufukweni, ameketi mchangani, wavu umetandazwa juu ya magoti yake. Hakuwa peke yake. Vijana watatu wa nyumba yake walikuwa kando: mmoja akijaza uzi kwenye sindano za wavu, mwingine akitafuta matundu na kuyafunga kitambaa chekundu ili yaonekane, wa tatu akiondoa majani na vijiti vilivyonasa. Mzee mwenyewe alikuwa akifanya jambo moja tu, kufunga mafundo. Sindano ikimwishia uzi, huinyoosha mkono bila kutazama, na nyingine iliyojaa huwekwa kiganjani mwake.

Tulimweleza habari ya kofia, ikiwa ni pamoja na yale tuliyoyaandika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Katibu, mnamlaumu mvuvi kwa sababu wavu uko nchi kavu. Wavu unakaa nchi kavu siku nyingi kuliko majini. Kama ningejaza sindano mwenyewe, na kutafuta matundu mwenyewe, mngekula dagaa lini?" Akakataa kupokea fedha zake. Akasema atangoja kofia, lakini akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Hao akina mama, nani anawajazia sindano?"

Tulirudi Mbinga na swali hilo.

Tulipokuwa chuoni tulisoma milango ya mauziano, ukiwamo ule wa salam, ambapo mtu hulipa leo kwa kitu atakachokabidhiwa baadaye. Masharti yake tuliyahifadhi: sifa za kitu zijulikane, wakati ujulikane, na kitu kiwe ni cha kuweza kupatikana wakati huo utakapofika. Sisi tuliahidi tarehe bila ya kuwauliza wenye mikono. Kosa la kwanza, basi, lilikuwa katika mkataba wetu, wala halikuwa kapuni mwa bibi. Na kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi: tulimshuhudia mtu kwa ubaya bila ya uthibitisho, na tukauita ushuhuda huo kumbukumbu za kikao.

Katika Surat An-Nahl, aya ya 92, Allah (s.w.) anatukataza tusiwe mfano wa mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa madhubuti, kisha akaufumua mwenyewe. Aya hiyo inazungumzia viapo na ahadi. Wengi wetu tukiisoma humwona mwanamke yule tu. Safari hii tulijiona wenyewe, kwa kuwa aliyefumua ahadi hapa hakuwa mshonaji.

Na liko funzo jingine, lililo karibu zaidi na mambo ya nyumbani. Imam Bukhari amepokea kwamba Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini awapo nyumbani kwake. Akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukiingia hutoka kwenda kuswali. Na katika Musnad ya Imam Ahmad imo habari ya kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Hizi ni kazi za kiraka na gundi, kazi zisizo na shangwe, na aliyezifanya ni mbora wa viumbe. Mwanamume anayeona haya kushika pasi, basi, haya hizo amezitoa wapi?

Wenzetu wa mbali nao wametukumbusha. Katika jimbo la Karnataka, nchini India, wapo Wasidi, watu ambao asili yao ni huku kwetu Afrika na ambao wahenga wao walivushwa bahari zamani, wengi wao utumwani. Wamo Waislamu, Wakristo na Wahindu. Wanawake wao hushona mifarishi kwa vipande vya nguo chakavu, wakianzia pembezoni na kuja katikati. Kazi nzima ikiisha, huongeza kwenye pembe nne vipande vidogo vilivyokunjwa, ambavyo kwa lugha yao huitwa maua, na mfarishi usio na maua hayo huhesabiwa kuwa uko uchi. Wenzetu hao wameupa umaliziaji jina na heshima. Sisi tumeuacha bila jina, ndiyo maana haukuhesabiwa hata tulipopanga tarehe.

Basi tulifanya nini? Tuliketi na akina mama wote kumi na mmoja, mara hii sisi tukisikiliza, na wao wenyewe wakazigawa kazi. Tunayaeleza hapa kwa kuwa huenda yakafaa kwenye msikiti mwingine, au kwenye nyumba yenye kapu kama lile.

Kwanza, kutunga uzi kumekuwa kazi ya watoto wa madrasa. Kila Alhamisi baada ya Alasiri, watoto wawili hutunga nyuzi kwenye sindano na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji, kila mama akapewa zake za juma zima. Macho yao ni makali, na wanaipenda kazi hiyo.

Pili, kuloweka bafta, kupiga pasi na kukata hufanywa kwa pamoja, mara moja kwa kofia nyingi, na wafanyao ni vijana wa kiume. Mmoja wao ni fundi cherehani mjini, naye huona ajabu kwamba hakuombwa mapema.

Tatu, seremala wa mtaani ametuchongea faroma sita. Kufua na kutia kanji ni kazi ya wanakamati. Sisi wenyewe tuliharibu kofia ya kwanza kwa kanji nzito, ikakatika kama karatasi, na bibi akacheka hadi machozi yakamtoka. Sasa tunajua kipimo.

Nne, kila kofia inayoingia kapuni hubandikwa kikaratasi kilichoandikwa kilichobaki: "pindo tu", "kuunganisha", "kufua". Kikaratasi hicho kimeondoa hofu ya kulifunua kapu, kwa sababu deni linalojulikana ukubwa wake hulipika.

Tano, liko juma moja katika kila mwezi ambalo hakuna kofia mpya inayoanzwa. Ni juma la kumalizia. Akina mama huunganisha duara na ukanda wakiwa wamekaa pamoja, na waume zao huchukua watoto na maji na jiko. Hili la mwisho lilikuwa na manung'uniko. Kwa haki, lazima tuseme kwamba bado linayo. Wapo ndugu wawili watatu wanaoona kwamba kamati imeingilia mambo ya nyumbani mwao. Tunawaomba warejee kwenye hadithi ya Bibi Aisha, kisha waje tuzungumze.

Na sita, tarehe za kukabidhi hupangwa na washonaji, wala hazipangwi na katibu.

Kofia zile ishirini na tatu zilichukua majuma saba. Tulizipeleka Songea, tukazipeleka Mbamba Bay, na yule mvuvi aliivaa ya kwake pale pale ufukweni akaenda kuswali Adhuhuri. Moja tu haikuuzwa, kwa sababu mwenyewe alisamehe fedha zake na kutaka kofia hiyo apewe mwalimu wa madrasa. Huwaona wanafunzi wakiitazama, wakihesabu viua.

Kuhusu yule bibi, macho yake yanaendelea kupungua nguvu. Hakutuambia hilo siku ya kapu. Tulilijua baadaye, kwa binti yake. Ile mistari iliyokwenda upande kwenye zile kofia tatu ilikuwa yake, mwalimu wa wote, na hakutaka mwingine aizifumue kwa niaba yake. Alizifumua kwa kupapasa, usiku, huku mjukuu akimtungia uzi. Tulipolisikia hilo tulikumbuka lile neno tuliloliandika, na tuliona haya ambazo hatujazizoea.

Katika kikao kilichofuata tuliomba kumbukumbu zisahihishwe. Sentensi ile imekatwa kwa mstari mmoja unaosomeka chini yake, ili atakayekuja baada yetu aone tulivyokosea, na juu yake pameandikwa: kazi haikukamilika kwa sababu kamati haikujua kazi yenyewe ni ipi. Wajumbe walitia saini. Bibi alisomewa, akaitikia "Alhamdulillah," akaomba asomewe mara ya pili.

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako kuna kapu. Si lazima iwe kofia. Huenda ni kitambaa cha meza kilichofumwa hadi ukingoni, shuka lililodariziwa upande mmoja, au mkeka ambao chane zake zimesukwa lakini hazijaunganishwa. Kabla hujasema neno kwa mwenye kapu hilo, liombe ulifunue pamoja naye. Uliza kilichobaki ni nini. Kisha chagua sehemu isiyo na sifa, uifanye wewe.

Wabillahi tawfiq.